Nukta za Kwenda kwa Anjelina

Jumamosi, 20 Septemba

Nimeosha gari, nimewasha, Dada, ile sauti ya kike ya ndani ya gari, kasema maneno yake. Kila nikiwasha anasema sentensi moja ndefu, ya heshima, ya Kijapani. Huwa namjibu asante. Leo nimemtegea simu inayotafsiri. Kumbe miezi yote hii ananiambia kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Baba Anjelina kacheka mpaka kakaa chini. Nimenuna. Halafu na mimi nikacheka.

Kioo cha ramani hakina kitu. Mshale mwekundu katikati ya weupe mtupu, ndiyo sisi. Bagara, mtaani kwetu, hakuna. Babati nzima hakuna. Ramani iliyomo ni ya kwao Japani. Fundi redio anataka aking'oe aniwekee redio ya kawaida. Nimekataa. Sijui kwa nini.

Jumapili, 28 Septemba

Baada ya ibada tumekwenda kumwona binti yetu Anjelina kwa mumewe, mbali kidogo kupita kijiji cha Mutuka. Mimba ina miezi sita. Kanenepa, anacheka. Mimi siwezi kucheka sana. Mwaka jana uchungu ulimshika huko huko, gari la kukodi likapotea mashambani, mtoto akazaliwa njiani. Hakulia.

Safari hii daktari kasema ni operesheni, na awe mjini kabla ya Krismasi. Mama mkwe wake, Bibi Theresia, hataki kusikia. Anasema gari ndilo lililomuua mjukuu wake, angebaki nyumbani angepona. Nilikuwa na jibu baya. Nimelimeza.

Kurudi tumepotea. Mahindi yameshavunwa, ni mabua na vumbi, kila mtu anapita anapotaka. Na mimi sina kichwa cha njia, tangu utoto. Simu huko haishiki mtandao. Nimeogopa.

Jumatano, 1 Oktoba

Leo nimegundua kitu! Nilikuwa natoka Singe. Nimesimama, nikatazama kioo vizuri. Nyuma ya mshale kuna nukta ndogo, zimepangana. Zimepinda nilipopinda. Ni njia yangu mwenyewe.

Jioni nimekaa ndani ya gari na simu, kitufe kwa kitufe. Tafsiri nyingine ni vichekesho. Lakini nimeelewa. Mashine haiijui Babati, ila inajua ilikopita, na inajua kwa satelaiti, haihitaji mtandao. Zipo nukta hadi za Jumapili, zimezungukazunguka tulipopotea. Aibu tupu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Paskali, mkwe wangu, kapanda mbele kanionyesha njia fupi hadi mlangoni kwao. Imenyooka, inakata katikati ya mashamba. Nimerudi peke yangu nikifuata nukta. Sikupotea. Nilipofika lami nimepiga honi kama mwehu.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua. Watu wote wako shambani wanapanda. Silali vizuri.

Paskali alipanda kilimani kutafuta mtandao, kapiga. Mama yake amekubali, kwa masharti. Moja, na yeye apande gari. La pili, nikipotea hata kidogo wanashuka na kurudi nyumbani kwa miguu. Nimekubali haraka, kabla hajabadili mawazo.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimechoka lakini lazima niandike.

Nimetoka asubuhi peke yangu. Nukta zinasema nyoosha, nimenyoosha. Macho kwenye kioo. Nimeshtuka matairi yanazama. Niko katikati ya shamba la mtu, mahindi yamechipua, nimeyalaza mstari mzima. Mwenye shamba anakuja na jembe begani.

Nimemwamkia shikamoo ingawa huenda nampita umri. Marahaba yake ilikuwa fupi. Akatazama mahindi, akatazama kioo changu, akasema, "Mama, hiyo ni njia ya kiangazi. Tumeshailima."

Mashine haikukosea. Mimi ndiye niliyesahau kwamba huku njia inalimwa. Nilitaka kulia. Nimeinama kwenye tope na kanga yangu nzuri, tukainua miche iliyoweza kuinuka. Sijui ilikuwa mingapi. Nikamwambia ninamfuata nani na kwa nini. Kaweka jembe chini, katangulia mbele ya gari kwa miguu, kando kando ya ua wa minyaa, mpaka nyumba ya Paskali ikaonekana. Nyuma yangu nukta mpya zikajipanga. Mungu ambariki.

Bibi Theresia alikuwa tayari, na kikapu, uso umefungwa. Kakaa mbele. Anjelina nyuma na mumewe. Hatujafika mbali ukungu ukashuka. Sioni minyaa, sioni hata boneti. Nimekwenda polepole, nukta kwa nukta. Jasho. Nilijua nikikosea kona moja tu, Bibi anafungua mlango.

Nikasikia sauti yake, "Mama Anjelina, pinda. Zimepinda hizo."

Kumbe na yeye alikuwa anazitazama. Nikapinda. Tangu hapo kila kona kaitaja yeye, kidole kioo kizima, mpaka kioo kimejaa alama. Tulipogusa lami Anjelina kaanza kulia. Nikamwacha alie.

Jumatatu, 29 Desemba

Msichana. Operesheni imekwenda salama, mama yake anaongea. Mtoto kalia mpaka muuguzi kaziba sikio kwa mzaha. Sijawahi kusikia kelele nzuri namna ile. Baba Anjelina katoka nje, karudi macho mekundu, anasingizia vumbi. Na mvua ile!

Jumapili, 11 Januari

Mvua imekatika. Anjelina amelala chumba cha ndani. Mtoto yuko kifuani kwa Bibi Theresia, hapa sebuleni, wote wawili wanakoroma.

Kabla hajasinzia Bibi kaniambia kuna mke wa jirani yao, mimba ya miezi saba, naye daktari kamwambia ajifungulie mjini. Kaniuliza kama nitamfuata. Nimemwambia nitamfuata. Ila mahindi yatakuwa yamepanda juu, na sijui watu wamefunga njia wapi tena. Itabidi niipite upya kabla siku yake haijafika.

Naenda keshokutwa, mchana, gari tupu, taratibu. Bibi anasema na yeye anakuja.