Mwewe Aliyeingia Bandani Kwangu

Bushwick, Brooklyn,
Jumapili, 22 Juni.

Mpendwa dada Casilda,

Za huko Ponce? Goti limepoa, au bado unalisingizia ili wajukuu wakupikie? Mimi mzima. Meno yaliyobaki yanatosha kwa wali na maharage.

Najua mpwa wetu Nereida ameshakupigia simu akakusimulia habari za mwewe. Amekosea. Mtaa mzima unakosea. Mwenye habari ni mimi, maana mimi ndiye niliyeshukiwa.

Ni hivi. Mwewe wa mkia mwekundu walijenga kiota kwenye ngazi ya chuma ya jumba linalotazamana na letu, wakapata vifaranga watatu. Tangu Machi mama yao amenilia njiwa kumi na mmoja, na wewe unajua Brooklyn nzima hakuna njiwa wa kuwafikia wangu. Basi watazamaji wa mwewe wamekaa chini barabarani na viti vya kukunja na darubini. Nikipanda paani kwenye banda langu na ndoo ya maji, darubini zote zinawaacha vifaranga, zinanigeukia mimi.

Wawili waliruka vizuri. Wa mwisho alisimama ukingoni siku nne akipiga mabawa kama mtu anayekung'uta shuka. Alhamisi asubuhi hayupo. Barabarani hayupo, mtini hayupo. Doreen, yule nesi mstaafu anayewaongoza watazamaji, akanisubiri mlangoni.

"Anselmo, nionyeshe mikono."

"Unataka kunichumbia?"

"Nataka kuona kama umeparurwa."

Nikamwonyesha. Hakuridhika. Akasema ameshamwambia mwenye jumba, na yule kifaranga akiokotwa amekufa, banda langu linavunjwa Jumatatu. Miaka thelathini na minane nimelijenga, dada.

Mimi nami nilikuwa na wangu wa kumshuku: Carmine, mfuga njiwa wa jumba la kona. Sheria yetu wafugaji ni moja, ndege akiingia bandani kwako ni wako, hakuna kuulizana. Mtu aliyechukua njiwa wangu wangapi kwa sheria hiyo, mwewe atamwacha? Nikapanda ghorofa zake tano. Yeye akadhani nimekuja kuliiba jike langu la kijivu alilolinasa Mei. Nikalikagua banda lake, naye nyuma yangu ananikagua mifuko. Mwewe hakuna. Tukaagana bila kupeana mgongo.

Kufika kwangu, banda kimya. Njiwa wamejibana kona moja kama watu waliokuta nyoka chooni. Kona ya pili, mwewe mdogo, mdomo wazi, anatetemeka. Alikuwa ameruka akashindwa, akatua kwangu, akapenya ule mlango wa vijiti ambao ndege anausukuma kuingia, lakini kutoka hawezi. Asubuhi nilikuwa nimewamwagia mahindi kwa haraka, nikashuka bila kuwahesabu.

Kwa sheria yetu alikuwa wangu. Nikafungua mlango mkubwa papo hapo. Akatoka akitembea kama kuku, akapanda ukingo, akajitupa. Nilifumba jicho moja. Akafika kwenye tangi la maji la jirani. Chini wakapiga makofi. Mama yake akamletea chakula, njiwa mwenye pete yangu ya bluu mguuni.

Doreen akapanda paani kuniomba radhi. Nikamwambia, "Kaa, bibie, uone wanavyonila." Tangu hapo kila siku anapanda na kahawa yake, lakini bado ananitazama mikono.

Banda limebaki. Nisalimie Eladio na mkewe, na Wanda, mwambie ile picha ya mazishi nimeiona, nguo ilimbana. Mungu akutandazie baraka kuanzia kitandani hadi jikoni.

Wako akupendaye bila kukuogopa,
Anselmo

Dada, ile "papo hapo" nimetunga. Kwanza niliketi juu ya ndoo, koleo la kuzolea kinyesi magotini, nikavuta sigara tatu nikimtazama. Nilikuwa bado sijaamua. Yeye akachoka kuniogopa, akasinzia. Ndipo nikafungua.