Utani Uliofika Okolona

Jumatatu, 3 Machi

Vidonge nimemeza. Uji umepoa, sijaugusa. Ukurasa wa Neema nimeufungua kabla ya kunawa uso, kama kila asubuhi. Ameweka video ya wasichana wa Buffalo mazoezini, na kura: nani atabeba kombe Jumamosi, mjini Louisville? Nimepiga kura. Nimeandika maoni.

Hajui kwamba ni mimi.

Neema, mjukuu wangu, anafanya kazi Columbus, kwenye ofisi ya umoja wa michezo wa vyuo, konferensi kama wanavyoiita. Kazi yake kuwaamsha mashabiki: blogu, picha, maswali, mizaha. Mwaka jana alimpigia mama yake akilia. Anaandika juu ya mpira wa kikapu wa wasichana na hakuna anayejibu. Siku ile nilifungua akaunti. Jina: Mpagazi. Mimi ni Mnyamwezi, mwalimu mstaafu wa historia, na wazee wetu ndio waliobeba mizigo ya misafara; jina limenikaa. Nikaanza kuwachokoza mashabiki wa vyuo vingine. Wakajibu. Wakarudi. Sasa Neema amempa Mpagazi safu ya kila wiki kwenye blogu. Humsifu kwa mama yake kwenye simu, nami nipo kitini palepale, natazama dirisha.

Moyo umechoka, daktari hakuficha. Nataka kumwambia kabla sijaondoka. Kila siku nasema kesho.

Jumanne, 4 Machi

Neema ameandika: wiki ya fainali imefika, wachokozeni wapinzani wenu. Nimefurahi kupita kiasi. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza.

Yuko mtu wa Louisville, Baba Riziki, Mkongo anayekaa Okolona, mtaa wa huko, mfanyakazi wa ghala. Binti yake anachezea timu ya huko. Huandika Kiswahili katikati ya Kiingereza cha wenzake, na maneno anayo. Nimemfanya mtani wangu. Leo nimemwandikia: "Baba Riziki, Jumamosi tunawazika hapo hapo Louisville. Sanda naileta mwenyewe, na wewe ndiye wa kwanza kulazwa. Waage wanao."

Nimecheka peke yangu mpaka kikohozi kikanishika. Binti yangu Agnes, mama yake Neema, akaja mbio kutoka jikoni. Nikamwambia ni taarifa ya habari.

Jumatano, 5 Machi

Hajajibu. Si kawaida yake. Mchana akaunti ikagoma kufunguka. Nimeweka neno la siri tena na tena. Labda mtandao. Siamini kwamba ni mtandao.

Sijala.

Alhamisi, 6 Machi

Agnes amenisimulia bila kujua anamsimulia nani. Shabiki mmoja ametishia kumuua mwenzake kwenye ukurasa wa Neema. Polisi wamearifiwa. Bosi anataka kujua kwa nini mtu asiyejulikana alipewa safu. Kesho Neema anaitwa kikaoni. Huenda akafukuzwa.

Nimezunguka chumba nikiburuta mpira wa oksijeni. Nimekaa. Nimesimama. Theluji ya hapa North Buffalo inayeyuka barabarani na sioni hata umuhimu wa kuiandika.

Kwetu mtani huja msibani akacheka. Alipokufa kaka yangu, Tabora, mtani wetu Mzaramo alishuka kaburini akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Tulicheka na machozi usoni. Darasani nililifundisha jambo hili kwa madaha, asili yake, njia za misafara, kila kitu. Lakini sikujiuliza kama mtu wa Kongo anao utani huo nasi. Sikumuuliza alitoka wapi, wala kilichomtoa. Nilisoma Kiswahili chake nikadhani basi, tumekwisha kuwa ndugu. Mwalimu mzima.

Nikisema ni mimi, watamwambia alimpachika babu yake kwenye blogu. Nikinyamaza, ataadhibiwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Naogopa zaidi kitu kingine: kwamba nife, halafu wamwonyeshe jina langu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia kabla ya kikao. Nimesema yote kwa pumzi moja. Nyingine sikuwa nayo.

Akaongea Kiingereza, ambacho nilimkataza kuniongelesha tangu akiwa mdogo. Kwamba afadhali Mpagazi angekuwa mgeni. Kwamba mgeni asingemuumiza hivi. Halafu akarudi kwenye Kiswahili, polepole: "Babu, safu ile ndiyo kitu pekee nilichojivunia pale. Nilidhani nimempata mtu."

Akakata.

Nilikuwa nahofia kazi yake. Sikujua nilichomnyang'anya.

Jumamosi, 8 Machi

Ameueleza ukweli kikaoni. Hakufukuzwa. Ameondolewa kwenye ukurasa, na safu imefutwa. Asubuhi amenitumia namba ya Baba Riziki, kwa ridhaa yake, na neno moja: mpigie. Nikapiga, akapokea kwa Kiswahili cha kwao Kongo, Kifaransa kikichungulia ndani.

"Papa, weye njo Mpagazi?"

"Ndiye mimi, baba. Nimekukosea."

"Bon. Nilisukuma meza ku mulango. Batoto habakuenda ku masomo. Kule kwetu mutu akisema analeta sanda, analetaka kweli. Njo vile tulikimbia."

Nikamweleza utani. Kaburi, Mzaramo, kuku. Nilijisikia mjinga kila nilipotaja kuku. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Donc, kwenu mutu anakufa, mwingine anaingia mu shimo, anaomba kuku?"

"Kuku. Au mbuzi, msiba ukiwa mkubwa."

"Muko babaya sana, papa." Sauti ya mwanamke ikauliza kitu nyuma yake. Akamjibu: "Ni muzee tu. Anakohoa." Kisha kwangu: "Polisi nitabaambia ni muzee. Lakini leo hatuende ku match. Mama yake hawezi. Mutoto atacheza bila sisi."

Aliniombea afya njema, akakata kwa adabu.

Sikutazama mchezo. Nilikuwa nafikiria viti vitupu na binti akivitafuta kwa macho. Louisville wameshinda, Agnes amesema.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya. Miguu imevimba, daktari ameongeza dawa. Neema hajapiga. Simu naishika, naiweka. Sina akaunti. Sina cha kumfanyia mtu yeyote.

Jumapili, 16 Machi

Neema amekuja. Ameendesha kutoka Columbus, akapitia maduka ya Grant Street, hapa mjini, kuninunulia dagaa. Amenisalimia shikamoo bila kunitazama usoni.

Tulipomaliza kula akasema wamempa ukurasa wa gofu. Gofu ya vyuo. Hausomwi na mtu, hata na wachezaji wenyewe.

Nikafumbua mdomo.

"Babu, usithubutu."

Nikaufunga.

Baadaye ameleta beseni la maji ya vuguvugu, akailoweka miguu yangu, akaanza kunikata kucha. Hakusema amenisamehe. Sikuuliza. Agnes alikuwa amelala sebuleni na televisheni ikiongea yenyewe. Kucha zangu zimekuwa ngumu siku hizi. Ilimbidi ainame karibu sana, ashike kila kidole peke yake, na hakuwa na haraka.