Ile Njia ya Plaji Uliyonielekeza

Esta rafiki yangu,

Boti imeniacha. Ujue hilo kwanza, mengine baadaye. Imetoka Kalundu jana jioni kuelekea Bujumbura na magunia yangu ya unga wa mihogo ndani, na mimi niko hapa Uvira, nimekaa kwenye kigoda cha mama yako, miguu imevimba, nimevaa kitenge chake kwa sababu changu kiko kwenye kamba kinakauka. Kosa ni lako. Tangu asubuhi natafuta mtu mwingine wa kumlaumu, simpati.

Ulisema iko hapo tu. "Weye Zawadi, unashuka Kalundu, unapanda basi, plaji yetu iko hapo tu." Miaka yote tuliyouza sokoni Kalemie, meza yako ya ndagala, visamaki vyako vikavu, imegusana na meza yangu ya unga, ulinichosha masikio na hiyo plaji, huo ufuko wenu wa mchanga. Nikilalamikia jua, unasema kwenu kuna upepo. Nikinunua samaki, unamwonja bila kukaribishwa na kusema wa kwenu ni mtamu zaidi, kana kwamba ziwa si moja. Minye kwetu hivi, minye kwetu vile. Nilikuwa nakuambia nenda basi ukakae huko, nawe unacheka na kuendelea kupanga ndagala zako.

Halafu ukaugua, ukafa kabla hatujajua vizuri unaumwa nini. Tukakuzika Kalemie kwa sababu kukusafirisha kulitushinda. Mama yako alipata habari kwa telefone, na neno alilosema ni moja: aletewe udongo wa kaburi lako auweke nyumbani kwake, mbele ya mlango, na mpaka ufike yeye hamalizi matanga. Akatandika mkeka chini, akawa analala hapo kila usiku. Ndugu zako walimbembeleza arudi kitandani, akawafukuza. Kila mtu aliyepanda boti alisema atapeleka huo udongo. Wote walipanda, wote walirudi, udongo uko pale pale na mama yako yuko pale pale chini.

Nikachoka. Nikasema nitaupeleka mimi. Nilikuwa na unga wa kuuza Bujumbura, boti inasimama Kalundu mchana mzima kushusha mizigo, na njia naijua, si umenifundisha? Telefone ya mama yako haikupatikana wiki nzima, lakini sikujali. Nilichota udongo, nikaufunga kwenye kipande cha kitenge chako cha kijani, nikauweka kifuani.

Sasa sikia upumbavu wangu. Ndani ya boti kulikuwa na mwalimu mmoja wa Moba na mke wake, wameoana juzi juzi, wanatafuta mahali pa kuogelea boti ikisimama. Kapiteni alikuwa ametuonya kwamba honi ya mwisho ikilia, asiyekuwemo abaki. Watu wakawa wanawashauri wachukue moto, zile pikipiki za kukodi, moja kwa moja. Mimi, mdomo wangu huu, nikasema hapana, moto ni za wageni, njooni na mimi, najua plaji nzuri sana na basi linafika. Yaani nilisema kwa sauti yako kabisa. Iko hapo tu.

Nje ya geti la bandari watu wa moto walitukimbilia. Ulisema nisiwasikilize, wanapandisha bei wakiona mtu ametoka majini, nami sikuwasikiliza. Tukaenda hadi barabarani, likaja basi, nikakaa mbele kama mwenyeji. Nikamwambia dereva atushushe Kilibula, mtaa wenu, dukani kwa Baba Redio, yule fundi wa redio uliyeniambia.

"Baba Redio gani?" akauliza.

Esta. Hukuniambia kwamba wako wengi. Basi zima likaingia kwenye maneno. Mama mmoja aliyetoka Lubarika na beseni la nyanya akasema Baba Redio wa Kilibula alikufa. Mwingine akasema hakufa, alihama, aliyekufa ni mdogo wake. Mzee mmoja nyuma akakata kesi: Baba Redio iko Nyamianda, yeye mwenyewe alimwona asubuhi. Wote wakakubali kwa furaha kubwa, na tukashushwa Nyamianda.

Huyo Baba Redio wa Nyamianda anauza vocha za telefone chini ya mwavuli. Ana redio kwa sababu anapenda mpira. Kutengeneza redio hajui, wewe humjui, plaji haijui, na aliniambia hajafika Kilibula muda mrefu kwa sababu hana shida ya kufika. Mke wa mwalimu akavua viatu vyake vipya, akavitia ndani ya mkoba, akanitazama. Afadhali angenitukana.

Basi la pili lilisimama kutia mafuta. Halafu likasimama kusubiri watu. Halafu dereva akashuka kununua brosheti za nyama, akazila zote pale pale kando ya jiko, taratibu, anaongea na mchomaji habari za shemeji yake. Mwalimu amekumbatia taulo lake. Mimi nimeshika kifua pale udongo ulipo, natazama jua linavyoshuka, nakuita majina ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mama yako anaweza kuomba nimsomee.

Kilibula tulifika. Duka la Baba Redio wako nililiona, limefungwa, redio iliyochorwa ukutani imebaki nusu. Nikapata nguvu. Ulisema: shuka upande wa ziwa, pita kanisa dogo, utaona michikichi miwili, kata kushoto, mchanga unaanza hapo, na nyumba yenu ndiyo ya mlango wa buluu unaotazama maji. Kanisa nililiona. Halina paa wala benchi. Michikichi niliiona. Imesimama ndani ya ziwa, Esta. Barabara yenu inashuka vizuri, inaingia majini, na haitoki. Kuta za nyumba za watu zimebaki vichwa tu juu ya maji, na ndege wamekaa juu yake.

Kulikuwa na mwanamke anaosha sufuria kwenye ngazi za nyumba ambayo chumba chake cha mbele kimekwisha kwenda. Nikamuuliza plaji iko wapi. Akanyoosha kijiko. "Plaji? Iko chini ya hayo maji. Muda sasa."

Nilikaa chini. Maana hata Kalemie maji yalipanda, tuliona wote, watu walihama na magodoro kichwani. Nikakuuliza siku zile, na kwenu je? Ukasema, "Mama anasema huku hayajafika. Nyumba yetu iko juu kidogo." Nikaamini kwa sababu wewe uliamini.

Mwalimu, Mungu ambariki, alikunja suruali, akalowesha miguu, akafuta kwa lile taulo na kumwambia mkewe, "Basi, tumeoga." Mke akacheka kwa mara ya kwanza tangu bandarini. Honi ya kwanza ya boti ilikuwa imelia. Wakatafuta moto, wakaniambia panda twende. Ningepanda ningekuwa Bujumbura sasa hivi nauza unga wangu. Lakini ningerudi Kalemie na udongo wako kifuani kama wale wengine wote, na mama yako abaki chini. Nikawaomba waniangalizie magunia.

Yule mwanamke wa sufuria ndiye aliyeniambia mama yako alipo. Mama wa ndagala iko juu, kando ya barabara. Nikapanda, na kweli alikuwa pale, ametandaza turubai, anageuza ndagala kwa mkono. Kando ya barabara ile ile. Basi lililokula brosheti lilikuwa limenipitisha mbele yake.

Alinitazama kidogo akasema, "Weye ni Zawadi wa unga." Pua ni yako, sauti ni yako. Na mimi badala ya kumpa pole, hasira ikatangulia. Nikamwambia, Mama, mbona hukusema kwamba nyumba imezama, nimezunguka mji mzima na njia ya Esta, nimewasumbua watu wa watu, boti inaniacha.

"Njia gani?"

Nikamwambia. Kanisa, michikichi, kushoto, mchanga, mlango wa buluu.

Akanishika mkono hapa, juu ya kiwiko, na vidole vyake vyenye magamba ya samaki. "Alisema mlango wa buluu? Lini?"

Nikamwambia siku zote. Hata hospitalini. Siku ile ya mwisho uliyoongea vizuri uliniambia ukipona tutakwenda wote, utaniketisha mlangoni na utanikaangia wewe mwenyewe.

Mama yako akakaa juu ya ndagala. Si kando yake, juu yake. Halafu akanieleza, anaangalia barabara, haniangalii mimi. Nyumba ilianguka mwaka ule ulipofiwa na mume. Hakutaka kukuongezea. Akasema atakuambia baadaye, na baadaye ikawa kila siku. Jumapili ukipiga telefone, alikuwa anatoka huko juu anakopanga chumba, anateremka mpaka majini, anasogeza telefone karibu na ziwa ili usikie mawimbi, na anakuambia amekaa kibarazani. Kila Jumapili, Esta, na lile goti lake. Na tangu ulipokufa kitu kimoja kilimlaza chini: alifikiri mtu alikuwa ameshakuambia. Kwamba ulikufa unajua huna pa kurudi, na unajua mama yako ni mwongo.

Nikamwambia hapana. Nikasema, Mama, mimi nimeteseka mchana mzima kwa sababu hakujua.

Akainuka. Akasema, "Niambie njia tena. Kama alivyokuambia yeye."

Nilitaka kumwambia nawahi boti. Nilifungua mdomo kabisa. Nikajikuta nasema, unashuka upande wa ziwa. Akashuka. Unapita kanisa dogo. Akalipita. Tukafika pale barabara inapoingia majini, mimi nikasimama, yeye hakusimama. "Halafu?" akauliza, maji yako magotini. Mwanamke wa sufuria akapiga kelele kwamba juzi kiboko alionekana hapo hapo. Na mimi nikapiga kelele. Mama yako kama hasikii. Basi ningefanya nini, nimwache mama wa rafiki yangu na kiboko? Nikaingia na nguo zangu zote, nalia kwa hasira, nasema, michikichi miwili, kata kushoto. Akakata kushoto. Mchanga unaanza hapo, nikasema, na maji yalikuwa yamenifika kiunoni.

"Halafu?"

Halafu mlango wa buluu, Mama.

Akasimama. Akapapasa kwa mguu chini, huku na huku, akasema kizingiti ni hiki. Nikatoa udongo wako, akaufungua yeye mwenyewe ndani ya maji. Ukatoka kidogo kidogo, maji yakachafuka, yakasafika. Kule Kalundu honi ya mwisho ikalia, ndefu, kapiteni yule hana huruma kumbe. Nilikuwa nimemshika mama yako kwapani asianguke. Hakuna hata mmoja wetu aliyegeuza kichwa.

Jana alilala kitandani. Mkeka ameukunja mwenyewe, ameusimamisha ukutani, na anakoroma vibaya sana, hukunionya hilo pia. Asubuhi hii amewatumia ndugu zako habari waje, matanga yamalizwe. Mimi amenipa ndagala za kukaanga. Nimekula, nimeomba tena, na sitasema zaidi ya hapo. Mwalimu amepiga telefone, magunia yangu yako salama kwa mlinzi wa bandari ya Bujumbura, na mkewe ananisalimia, eti safari ile ilikuwa nzuri. Watu wengine sijui wameumbwaje.

Sasa lala, Esta. Ninakuahidi hili: kila boti ninayopanda ikisimama Kalundu, nitashuka. Nitachukua basi kama ulivyotaka, nitavumilia madereva wenu na maneno yao, nitakuja nikae na mama yako kando ya ile barabara mpaka honi ilie. Akitaka nimwambie tena jinsi ulivyonielekeza, nitamwambia yote toka getini, hata mara ngapi, hata nikichoka.

Ila kuna neno moja. Jana majini nililikumbuka, na usiku wa kuamkia leo nikalikumbuka tena. Wewe ndagala iliyooza uliinusa kutoka mwisho wa soko. Mteja akidanganya, ulijua kabla hajamaliza. Na Jumapili, ukishakata telefone na mama yako, ulikuwa unakaa kimya muda mrefu, na nikikuuliza unaniambia unasikiliza mawimbi. Sitaki kujua. Nimemwapia mama yako tena, tumesimama majini, kwamba hukujua. Kama ulijua, nyamaza hivyo hivyo.

Ni mimi wa unga,
Zawadi