Mbuzi Amfuate Mtoto Mwembamba

Jumatatu, 3 Machi
Mkutano wa mbuzi leo. Afisa mifugo alibandika ukutani karatasi kubwa kama shuka. Akasema hawakuja kutuamulia, mradi ni wetu, tuseme wenyewe: mbuzi sita wa maziwa, akina mama ishirini na wawili, wagawiwe vipi? Kelele! Kila mtu na shida zake. Nikasimama — mimi, niliyeishia darasa la nne! — nikasema mbuzi amfuate mtoto mwembamba. Ule utepe wa zahanati wa kupima mkono wa mtoto ukisoma nyekundu, yaani amekonda mno, mama apewe. Mtoto akinenepa akafika kijani, mbuzi ahamie kwa anayefuata. Makofi! Afisa akayaandika maneno yangu kwa kalamu nene.
Njiani mama mkwe akasema, kumbe una kichwa, nilidhani ni cha kubebea ndoo tu.
Mwanangu alisoma nyekundu. Tumepata mbuzi.

Jumapili, 23 Machi
Anacheka! Mashavu yanarudi. Namkamulia asubuhi kikombe kizima, anakishika kwa mikono miwili kama mtu mzima. Mama mkwe bado anamwita Kijiti, ila chai ya maziwa haimpiti.
Nimekata ukanda wa kanga kuukuu, nikashona nyuzi pale rangi za utepe zinapobadilika. Nampima kila siku. Jana tumesogea nusu kucha.
Jirani yangu, Mama Pacha, huleta majani ya mbuzi. Pacha wake mmoja ni nyekundu, yeye ndiye anayefuata. Anatania: "Mke mwenza, nitunzie mume wetu, nakuja kumchukua." Tulicheka mpaka mbuzi akashtuka.

Jumatano, 2 Aprili
Mume wangu, aliyehama na ng'ombe kutafuta malisho, ametuma ujumbe kupitia mchungaji mwenzake. Malisho hakuna huko. Ng'ombe kumi na mmoja wamelala njiani, hawakuinuka tena. Mbuzi asitoke nyumbani, amesema, hata kwa dawa.
Kupima ni Jumanne. Ukanda unasema kufika kijani bado uzi mmoja tu.
Mama mkwe: mpe uji wa maji siku tano, mtoto hafi kwa siku tano. Nikasema siwezi. Akasema mdomo wako ndio ulioleta sheria, basi mkono wa mwanao uitengue. Jioni alikamua yeye. Kikombe akakiweka juu ya kabati.

Jumamosi, 5 Aprili
Siku ya tatu. Uji naukoroga mwenyewe. Mwepesi — unaona chini ya kikombe. Anauangalia, halafu ananiangalia mimi.
Mbuzi akikaa, atakunywa mwaka mzima. Najiambia hivyo. Mwaka mzima, kwa siku tano!

Jumanne, 8 Aprili
Manjano, hajafika kijani! Kwa upana wa uzi. Mbuzi abaki wiki mbili zaidi.
Afisa amefurahi. Anasema wazo langu wamelipeleka vijiji vingine vitatu, nitaitwa nikawaeleze akina mama.
Mama Pacha aliushika mkono wa mwanangu, akaubinya taratibu. "Juzi huyu alikuwa mnene," akasema, mbele ya wote. Nikasema alihara. Mungu nisamehe, nilisema alihara.

Jumatano, 16 Aprili
Pacha yule wa nyekundu amezikwa leo asubuhi. Nilikwenda. Mama yake hakunitukana. Alinipisha nikae, basi.
Mama mkwe, tukirudi: sasa tumwiteje, pacha hana mwenzake! Akacheka peke yake. Kisha akasema, foleni imepungua.
Na mwanangu, bado kwa uji ule ule, anahara. Kweli sasa. Tangu jana.

Jumatatu, 21 Aprili
Kesho kupima. Tangu Alhamisi maziwa yote ni yake. Nimegombana na mama mkwe nikashinda, kwa mara ya kwanza! Lakini hanywi. Zahanati wamempa vipakiti vya chumvi na sukari, hivyo navyo anavitema.
Mama mkwe ameutwaa ukanda wangu, akampima mwenyewe. Umepita uzi wa nyekundu, ukazidi. Akaufunga kwenye pindo la kanga yake kama noti. "Mbuzi haendi popote," akasema. Alikuwa anatabasamu.
Nimekamua. Nimepoza. Nimeonja, ni matamu. Kidogo tu, mama, namwambia, tone moja, mama'ngu. Anageuza uso ukutani. Nje mbuzi analia, chuchu zimejaa tena, na sina wa kumpa —