Chiriku Aliyeletewa Hayet

Ijumaa, 3 Machi

Chiriku amefika. Rafiki yangu Bualem amemleta baada ya swala, kizimba kimefunikwa kitambaa cheupe, amekipitisha mtaa wetu wote wa Bab el-Oued kwa hadhari kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Ni zawadi ya mjukuu wangu Hayet, mwenye miezi minane. Uso mwekundu, bawa lenye mstari wa manjano – sisi tunamwita maknini. Wako wanaume mtaani hapa wanaokumbuka siku ndege wao alipoanza kuimba, lakini siku waliyooa hawaikumbuki.

Bualem amesisitiza: kitambaa kisitolewe mpaka ndege aimbe. Akiwaona wageni kabla hajazoea nyumba anaweza kunyamaza mwaka mzima. Kwa hiyo mtoto atamsikia kwanza, kumwona baadaye. Ndivyo sote tulivyozoeshwa.

Binti yangu Wasila naye ana masharti yake. Kizimba kitundikwe juu, mbali na kitanda cha mtoto. Maganda ya mbegu yafagiliwe kila siku. Sawa.

Jumapili, 5 Machi

Ameimba! Asubuhi, chini ya kitambaa, chumba kizima kikajaa. Wasila aliacha kukanda mkate akasimama mlangoni, mikono yote unga. Jirani wa juu alifungua dirisha kutupongeza.

Hayet alikuwa mkekani mbele yangu na kijiko chake. Hakuinua kichwa. Nikajiambia, mtoto mwenye kijiko ana shughuli nyingi.

Jumanne, 7 Machi

Leo kitambaa kimetolewa. Hayet alipomwona ndege akirukaruka, alicheka mpaka akapata kwikwi. Merzak, baba yake, ambaye hupiga mandola, ala ya nyuzi, kwenye harusi, hakutulia kwa furaha. Akasema mtoto amerithi sikio lake, si la ukoo wetu wa walimu, ambao tukiimba hata paka anaomba ruhusa ya kutoka. Wasila akamwambia paka huyo humkimbia yeye na mandola yake. Tulicheka wote.

Mimi kidogo tu, maana nilikuwa natazama. Ndege alipotulia kwenye kijiti akaimba, Hayet alinyonya kidole. Ndege aliporuka bila kutoa sauti, Hayet akacheka.

Jumatano, 8 Machi

Nimefundisha sayansi maisha yangu yote. Jambo lililoonekana mara moja si ushahidi. Wasila alipokwenda sokoni nikakifunika kizimba tena. Ndege akaimba. Hayet alikuwa amenipa mgongo. Niliita jina lake. Nikapiga makofi. Nikagonga sinia la shaba kwa kijiko – ndege akashtuka, akanyamaza.

Mtoto hakushtuka.

Jioni Merzak alipiga mandola huku amempakata. Hayet aliweka kiganja kwenye ubao wa mandola akafurahi, kama afanyavyo siku zote. Sote tumekuwa tukisema anapenda muziki. Lakini uzi ukipigwa, ubao hutetemeka, na mtetemo ule huingia mkononi. Mkono unaupokea hata kama sikio haliupokei.

Naeleza hapa kwa utaratibu, kama darasani. Kwa Wasila sijui nianzie wapi.

Alhamisi, 9 Machi

Sikusema. Wasila alimwimbia Hayet wakati wa kumlaza, na mtoto alimkazia macho mdomoni tu. Najua daktari wa masikio anapaswa kumwona mapema. Kuchelewa kunamnyima mengi. Nilifungua mdomo kusema. Nikaomba chumvi.

Ijumaa, 10 Machi

Nimesema. Tulikuwa tumemaliza kuskusi, Merzak ametoka. Nilianzia mbali, jinsi sauti inavyosafiri hewani, jinsi ngoma ya sikio inavyofanya kazi. Wasila aliniacha nifike katikati.

"Baba, unanifundisha somo au unamzungumzia mwanangu?"

"Mwanao."

"Basi sema."

"Hakusikii, binti yangu. Nadhani hasikii kabisa."

Hakulia. Alikusanya sahani, moja juu ya nyingine, taratibu. Kisha akasema ndege ndiye aliyemchanganya mtoto, arudishwe kwa Bualem leo hii. Akasema mimi nimezeeka, naona maradhi kila mahali. Akasema Hayet huitika kila akimwita, kila siku, tangu mdogo kabisa.

Nikamuuliza: akiwa anakuona?

Akaziweka sahani chini. Akaingia chumbani kwa mtoto, akafunga mlango. Sikumfuata. Nimekaa sebuleni, kalamu mkononi, maana mikono inahitaji kazi.

Namsikia kupitia ukuta. Anaita "Hayet" kwa upole, kama anavyomwamsha asubuhi.

Sasa anaita kwa sauti kubwa zaidi. Amepiga makofi, mara moja. Nadhani amesimama nyuma yake, pale pale niliposimama mimi. Chiriku ameacha kuimba.

Anaita tena –