Hiace ya Yona mlangoni pa zizi

Evelyne wee, kaka yangu Yona ataniua kwa kicheko!

Si unajua analala kwenye Hiace yake, anahama na misimu? Alikuwa hajaamua: avune ngano Hanang au kitunguu saumu Mbulu. "Kazi nachagua mimi," anajidai.

Jana jioni akafika kijiji cha Dirma, akaona uwanja msafi, akapaki, akabandika chai. Kumbe ni mlangoni pa zizi la mzee Gidamis. Mlangoni kabisa, Evelyne!

Ng'ombe wanarudi, gari haliwaki. Wakaliogopa, wakatawanyika porini.

Yona na kikombe mkononi: "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyumba yako imefukuza ng'ombe wangu. Kawalete."

Mpaka leo anachunga! Sasa hivi kanipigia, ananong'ona: "Dada, msimu wa ng'ombe unaisha lini?"