Mume wangu ameacha bangi, sasa wanataka aseme amepona kabisa

Mama Solange mpendwa, nisaidie haraka kwa maana Jumapili inakaribia. Mimi ni mke na mama wa watoto wawili hapa Butembo, na usidhani naandika nikilia, hapana, nina furaha, kwa sababu mume wangu Éliakim (majina nimebadilisha) alikuwa anavuta bangi tangu alipoanza kupakia viazi vya Alimbongo kwenye malori, akawa mtu wa kulala na kufoka tu, mpaka ndugu yake wa Kampala akatuambia kule kuna hospitali inayofanya utafiti wa kutibu watu wa namna hiyo kwa mashine, basi akaenda, nami nikabaki na hofu kwa sababu niliambiwa ni mambo ya kichwani.

Kumbe hakuna kupasua wala sindano, wanamkalisha kwenye kiti macho wazi, wanaegemeza chombo chenye sumaku kichwani, kinagongagonga, anasikia kama mtu anamdonoa kwa kidole, na baada ya hapo anaongea na mshauri ambaye hata sasa anampigia simu. Karibu miezi mitatu hajavuta. Anakula, anacheka, juzi alikaa jikoni akanimenyea viazi huku anaimba, nikatoka nje kulia kidogo kwa furaha.

Shida ni shangazi yake, Mama Orpa, kiongozi wa kikundi cha maombi. Wamama walifunga na kuomba kwa ajili yake, na kweli waliomba sana, sasa wamepanga ibada ya shukrani, vitenge vya sare vimeshonwa, mbuzi amenunuliwa, na shangazi anataka Éliakim asimame atoe ushuhuda kwamba maombi peke yake yamemponya na bangi imekwisha kabisa. Habari ya mashine anasema tuifunike, batu batasema kichwa yake ilichomwa na courant ya umeme. Éliakim anakataa. Aliniambia, "Séphora, nikisema mbele ya batu kama nimepona kabisa, siku hamu itarudia nitaambia nani?" Mimi nikamjibu asituaibishe, ni maneno ya dakika mbili tu. Mama Solange, Éliakim anasoma ukurasa wako kila wiki, mwandikie akubali.

Séphora, Butembo

Mama Séphora,

Hongera. Nimefika pale kwenye viazi nikacheka peke yangu ofisini. Wako wamama wengi kutoka Lubero hadi Beni wanaoomba kuona siku kama hiyo, na wewe umeiona.

Sasa nakugombeza. Mume wako amekuambia neno kubwa kuliko yote yaliyo katika barua yako, nawe umelipita mbio kama pikipiki iliyokosa breki. Aliuliza atamwambia nani. Alikuwa anakuuliza wewe, mama, nawe ukamjibu habari ya aibu!

Nimemuuliza daktari mmoja ninayemwamini. Anasema sumaku ile haichomi kichwa cha mtu, inaamsha sehemu za ubongo zinazosaidia kujizuia. Lakini tiba hii kwa watu wa bangi bado inachunguzwa. Wengine inawasaidia, wengine hapana, na hata aliyesaidiwa hamu inaweza kumrudia. Ndiyo maana mshauri wa Kampala bado anapiga simu. Ukimlazimisha mtu huyu kutangaza kwamba amemaliza, siku atakayotikisika atajificha, na wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Shangazi nisimuonee. Amefunga, ameomba, anampenda mtoto wa kaka yake. Lakini nani alisema Mungu ana wivu na mashine? Malaria tunaomba na tunameza dawa, na hakuna anayeona haya. Tena katika benchi zile za ibada kuna mama mwingine ambaye kijana wake anavuta. Akisikia maombi peke yake yanatosha, hatampeleka kwa daktari. Akisikia ukweli, atajua pa kuanzia.

Basi fanya hivi. Leo nenda kwa Éliakim umwombe msamaha, na umwambie kwamba hamu ikirudi, hata akishindwa, aje kwako na hutapiga kelele. Halafu nendeni wote wawili kwa Mama Orpa kabla ya Jumapili. Mwambieni ushuhuda upo, ila utakuwa huu: niliombewa, nikatibiwa, nimeacha, na bado ninahitaji msaada wenu. Akikataa, mbuzi aliwe bila ushuhuda. Simu ya Kampala isikatwe, na asijaribu mashine ya fundi yeyote wa mjini atakayejitia daktari.

Mimi simwandikii Éliakim neno. Yeye hana kosa. Jumapili akienda mbele kusema ukweli wake, wewe usibaki kwenye benchi la wamama. Simama naye.